Kibarua Kisichoota Nyasi

Septemba 2022 Simba iliachwa na kocha wake, Zoran Maki, siku chache tu kabla ya kukutana na Nyasa Big Bullets ya Malawi kwenye Ligi ya Mabingwa Afrika. Klabu ilikuwa na fedha, ilikuwa na wachezaji, na mitaa ya Kariakoo ilikuwa imejaa watu walio tayari kupanga kikosi bila kuombwa. Lakini kanuni za CAF hazimruhusu kila anayeujua mpira kukaa kwenye kiti cha kocha mkuu. Zinataka leseni A ya CAF au nyingine inayolingana nayo. Simba ikapiga simu Tanga. Juma Mgunda, aliyekuwa Coastal Union, alikuwa nayo. Akashuka na timu Lilongwe, akashinda 2-0, akarudia matokeo hayo hayo Dar es Salaam, kisha akaenda Luanda kuichapa Primeiro de Agosto 3-1 na kuingia hatua ya makundi.

Januari 2023 akaletwa Mbrazili, Roberto Oliveira, maarufu Robertinho, na Mgunda akarudi kuwa msaidizi. Baadaye akapelekwa Simba Queens, akatwaa nao ubingwa wa msimu wa 2023/24. Katikati ya msimu huo CAF ilimfungia kocha wa Taifa Stars, Adel Amrouche, mechi 8 wakati timu iko Côte d'Ivoire kwenye AFCON. Hemed Suleiman akapewa timu, na Mgunda akaitwa kumsaidia. Aprili 2024 kocha Abdelhak Benchikha akaondoka Simba, na Mgunda akarudishwa kumalizia ligi. Msimu uliofuata alikuwa Namungo.

Kijana anayeniuliza kama kazi ya ualimu wa michezo ina maisha mbele yake huwa namsimulia safari hiyo, kisha namwacha aisome mwenyewe. Wengine huona fedheha: mtu anashinda, halafu anashushwa. Mimi naona mtu ambaye katika muda wa miaka miwili tu hakukosa kazi hata mara moja, kwa sababu mbili. Karatasi yake ilikuwa tayari kabla ya simu kuita, na hakuona haya kufundisha popote palipokuwa na watu wa kufundishwa, wanaume au wanawake, benchi kubwa au dogo.

Tatizo ni kwamba vijana wengi wanaoota filimbi wanaota benchi la televisheni. Hebu tuhesabu viti. Ligi Kuu Bara ina timu 16, yaani makocha wakuu 16. Viti vyenye mshahara wa maana ni vichache zaidi, na juu kabisa kwenye orodha hiyo Watanzania huketi kwa zamu fupi fupi. Yanga ilipofika fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika mwaka 2023 ilikuwa na Mtunisia, Nasreddine Nabi. Simba ilipofika fainali ya mashindano hayo hayo mwaka 2025 ilikuwa na Fadlu Davids wa Afrika Kusini. Sina ugomvi na wageni. Wengi wao walikuja na maarifa, na wasaidizi wao wazawa wamejifunza. Ila nasema hesabu ilivyo. Kiti hicho ni kimoja, wanaokitaka ni maelfu, na anayekipata kibarua chake huota nyasi baada ya sare tatu. Kujenga maisha juu yake ni kama kujenga nyumba kwenye mkondo wa mto kwa sababu kiangazi hiki maji hayajapita.

Na hata zamani kiti hicho hakikumtosha mtu maisha yake yote. Joel Bendera aliipeleka Tanzania Lagos kwenye Kombe la Mataifa ya Afrika mwaka 1980, mara ya kwanza kabisa kwa nchi yetu, na ilibidi tungoje miaka 39 kurudi. Lakini Bendera hakuzeekea kwenye benchi. Aliingia siasa, akawa naibu waziri wa michezo, akawa mkuu wa mkoa Morogoro na Manyara. Kocha aliyeandika historia ya taifa alilazimika kutafuta mshahara wake kwingine.

Swali la sura hii basi si nani atakuwa kocha wa Taifa Stars mwaka 2040. Swali ni nani atakayemlipa mwalimu wa michezo wa kawaida, kila mwezi, kwa miaka thelathini.

*

Tuanze na karatasi, tuimalize mapema, kwa sababu haina utamu wowote. Ngazi ya leseni za CAF huanzia D, kwa anayeanza na watoto na timu za mtaani, ikapanda C, B, A, hadi Pro. Kwa kawaida huwezi kuruka. Kati ya ngazi na ngazi unatakiwa uwe unafundisha timu kweli, si kukaa nyumbani ukingoja tangazo. Kozi za chini huendeshwa na shirikisho la nchi, huja mkoani, hulipiwa, na mara nyingi hutangazwa muda ukiwa umebana. Mashirikisho mengine, ya riadha, kuogelea, kikapu na kadhalika, nayo yana madaraja yao.

Pembeni ya leseni kuna masomo ya darasani. Tanzania ina Chuo cha Maendeleo ya Michezo Malya, wilayani Kwimba, Mwanza, na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina shahada ya elimu kwa michezo na sayansi ya michezo. Kenya kuna Chuo Kikuu cha Kenyatta. Leseni na cheti cha chuo ni vitu viwili tofauti, na watu huvichanganya. Leseni inakuingiza kwenye benchi. Cheti cha chuo kinakuingiza kwenye ajira ya shule, halmashauri au jeshi, mahali ambapo mshahara unaingia hata timu ikifungwa. Mwenye vyote viwili ana mlango wa mbele na wa uani.

Na kuna wale wanaosema wao wamecheza, karatasi ya nini? Hao wapo kila wilaya. Huwa naheshimu miguu yao. Lakini kupiga krosi na kumfundisha mtoto wa miaka tisa kupiga krosi ni kazi mbili, na ya pili haiji yenyewe kwa sababu uliiweza ya kwanza. Wachezaji hodari wengi ni walimu wabovu kwa sababu hiyo hasa: mwili wao ulijua bila kuambiwa, kwa hiyo hawana maneno ya kumwambia ambaye mwili wake haujui.

*

Pita jioni kwenye uwanja wowote wa vumbi wa Dar es Salaam, Mwembeyanga au Tandika au Kinesi, uangalie watoto wakifundishwa. Usimwangalie mtoto mwenye chenga. Waangalie waliosimama.

Kocha ana watoto 24 na mipira minne. Anawapanga mistari miwili, koni zake ni chupa za maji zilizojazwa mchanga, na kila mtoto anakimbia na mpira, anazunguka chupa, anapiga golini, anarudi nyuma ya mstari. Kwa macho ya mzazi aliyeegemea bodaboda, hayo ni mazoezi: kuna utaratibu, kuna filimbi, kuna jasho. Sasa shika saa. Mstari una watoto 12, kila mmoja anatumia kama sekunde 20. Mtoto akishapiga, anasubiri karibu dakika nne kuugusa mpira tena. Katika dakika 40 ameugusa mara kumi. Muda uliobaki amerusha vumbi, amemvuta mwenzake jezi, amejifunza kusimama foleni, jambo ambalo angeweza kujifunza benki.

Uwanja wa pili, watoto wale wale 24 na mipira ile ile minne. Mwalimu amechora miraba minne kwa kisigino. Kila mraba una watoto sita na mpira mmoja: wanne wanapasiana, wawili katikati wanaunyang'anya, ukipoteza unaingia kati. Hakuna foleni. Baada ya dakika tano anapunguza ukubwa wa miraba kwa hatua mbili, hasemi kwa nini, na ghafla watoto wanaanza kuinua vichwa kabla mpira haujafika kwa sababu wasipoinua wataupoteza. Mwalimu hajafoka. Anatembea kati ya miraba, mikono nyuma, anamgusa mmoja bega: "Kabla haujakufikia, ulimwona nani?" Mtoto anafikiri. "Hamisi." "Na nyuma yako?" Kimya. "Haya, endelea." Basi.

Makocha wote wawili wamevaa filimbi. Mmoja anafundisha, mwingine anasimamia watoto wasiende barabarani. Tofauti hiyo mzazi haioni mwezi wa kwanza. Mwaka wa pili anaiona, na hapo ndipo biashara ya mwalimu wa michezo inapokaa au kuanguka, kwa sababu mtoto anayesimama foleni huacha kuja.

Halafu kuna kazi ya mzazi mwenyewe, ambayo hakuna leseni inayoitahini.

"Mwalimu, huyu wangu mbona unamweka beki? Mie nataka afunge magoli."

"Mama Abuu, mwezi huu beki, mwezi ujao winga. Ana miaka kumi. Hajawa mtu wa namba yoyote bado."

"Lakini baba yake alikuwa mfungaji."

"Basi akija Jumamosi mwambie avae raba. Tuna mechi ya wazazi."

Mwalimu asiyeweza mazungumzo hayo kwa tabasamu, kila jioni, na watu wanaomlipa, ataichukia kazi hii kabla ya goti lake kuichukia.

*

Mfano mkubwa kuliko yote wa mwalimu wa michezo katika ukanda wetu haukutoka kwenye mpira wala kwenye jiji. Mwaka 1976 mtawa kutoka Ireland, Brother Colm O'Connell, aliwasili shule ya St. Patrick's, Iten, Kenya, kwenye ukingo wa Bonde la Ufa, kama mita 2,400 juu ya usawa wa bahari. Alikuja kufundisha jiografia. Riadha hakuwa ameisomea. Aliikuta inaendeshwa na mwalimu Mwingereza, Peter Foster, ndugu wa mkimbiaji Brendan Foster, akamsaidia, Foster alipoondoka ikabaki mikononi mwake. Peter Rono, aliyetwaa dhahabu ya mita 1,500 Seoul mwaka 1988, ni mtoto wa shule hiyo. Matthew Birir, bingwa wa kuruka viunzi na maji Barcelona 1992, naye pia. Wilson Kipketer alipita hapo kabla ya kuivunja rekodi ya dunia ya mita 800 akiwa na jezi ya Denmark. Na David Rudisha, ambaye tarehe 9 Agosti 2012 London alikimbia mita 800 kwa dakika 1:40.91, akiongoza toka mlio wa bastola bila wa kumvuta, amefundishwa na mtu huyo huyo.

Watu husimulia habari hiyo kama muujiza wa mwinuko na ugali. Mwinuko upo, ila upo pia kwa shule nyingine nyingi za Elgeyo-Marakwet ambazo hazikutoa mabingwa kama hao. Kilichokuwa St. Patrick's ni mwalimu aliyebaki. Alikaa miongo minne na zaidi pale pale, akaona watoto wa watoto, akajua ni kijana yupi akiachwa akimbie kila siku atavunjika akiwa na miaka kumi na tisa. Mazoezi yake ya vijana yanajulikana kwa mambo ambayo mgeni huyaona ya kitoto: mazoezi ya mkao, ya hatua, ya mkono, kukimbia polepole sana, kupumzika. Alifanya kazi yake na wanafunzi, wakati wa likizo aliwakusanya kambini, wasichana wakiwemo, na mabingwa walipotoka, walitoka kwenye darasa.

Msomaji mjanja ataniambia: huyo hakuwa na leseni, na wewe umetuhubiria leseni. Kweli. Ilikuwa 1976, na mlango haukuwa na mlinzi. Leo riadha ya Kenya inaangaliwa na dunia kwa jicho kali. Mwaka 2022 serikali iliahidi dola milioni 5 kila mwaka kwa miaka mitano kupambana na dawa za kusisimua misuli ili nchi isifungiwe. Kocha wa Iten wa leo anaulizwa amesajiliwa wapi, na mwanariadha wake akikutwa na dawa ataulizwa yeye alikuwa wapi.

Mtu wa pili wa kutazamwa huko ni Patrick Sang. Yeye alikuwa na vyote: medali ya fedha ya Olimpiki mwaka 1992, na elimu ya chuo kikuu Texas. Aliporudi Nandi, kijana wa jirani alimfuata akiomba programu ya mazoezi. Akampa. Kijana akarudi kuomba nyingine. Jina lake Eliud Kipchoge, na mwaka 2003 akawa bingwa wa dunia wa mita 5,000. Miaka 16 baadaye akakimbia kilomita 42 za Vienna kwa saa 1:59:40, kocha akiwa yule yule. Sang hakumtafuta Kipchoge. Alichokuwa nacho ni mazoea ya kumjibu mtoto anayeuliza, na programu iliyoandikwa.

*

Sasa fedha, maana hadi hapa nimesema habari za heshima, na heshima hailipi kodi ya nyumba.

Kuna fedha moja ambayo kila mwaka hupita karibu na pua ya walimu wa mtaani, nao hawaisikii harufu. FIFA ina kanuni ya mchango wa mshikamano: mchezaji akiuzwa kutoka nchi moja kwenda nyingine akiwa bado na mkataba, asilimia 5 ya ada hiyo inagawiwa klabu zilizomlea kati ya miaka 12 na 23. Kwa kila msimu wa umri wa miaka 12 hadi 15 ni asilimia 0.25 ya ada nzima, kwa kila msimu wa 16 hadi 23 ni asilimia 0.5. Tuseme kijana uliyemlea misimu miwili, akiwa na miaka 13 na 14, anauzwa siku moja kwa dola milioni 1. Klabu yako ina dola 5,000. Akiuzwa tena, zinakuja tena. Tangu Novemba 2022 FIFA ina ofisi maalumu ya kuzigawa fedha hizo, iliyoko Paris, na mfumo huo husoma historia ya usajili wa mchezaji.

Neno zito hapo ni usajili. Fedha huenda kwa klabu iliyosajiliwa na shirikisho, kwa mchezaji aliyesajiliwa nayo. Kocha ambaye timu yake ni jina kwenye jezi na kundi la WhatsApp hatapata hata senti, hata kama mtaa mzima unajua ni yeye aliyemfundisha kijana kupiga mguu wa kushoto. Nimekaa na walimu wa aina hiyo. Wanazo picha kwenye simu, kijana akiwa na miaka kumi na mbili, kandambili miguuni, kombe la bati mkononi. Picha si ushahidi unaosomwa Paris. Kusajili kituo wilayani, kusajili watoto, kuweka cheti cha kuzaliwa cha kila mmoja, ni kazi ya kuchosha inayofanywa ofisini na si uwanjani, na ndiyo inayoacha wengi nje.

Hata hivyo hiyo ni bahati, inaweza isije kamwe. Fedha ya kila mwezi iko kwingine, nayo inaongezeka.

Kwanza shule. Mtaala mpya wa Tanzania umeingiza somo la Sanaa na Michezo katika elimu ya msingi. Kenya imekwenda mbali zaidi: mfumo wa umilisi una njia tatu katika sekondari ya juu, na mojawapo ni Sanaa na Sayansi ya Michezo. Maana yake shule zitahitaji watu wanaoweza kufundisha michezo kwa mpango wa somo, kutahini na kutoa alama, si mwalimu wa hisabati anayepewa filimbi kwa sababu ni mrefu. Serikali zitaajiri polepole, kama kawaida yake. Shule binafsi hazisubiri. Nyingi sasa huuza michezo kwa wazazi pamoja na Kiingereza na basi la shule.

Pili, watu wazima wanaoogopa daktari. Shirika la Afya Duniani linamtaka mtu mzima apate angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki, na watoto dakika 60 kila siku. Presha na kisukari vimeshaingia kila ukoo, na mijini watu wameamka: klabu za jogging za Dar es Salaam zinajaza barabara Jumapili alfajiri kwa nyimbo na fulana za sare. Vikundi vingi kati ya hivyo havina mwalimu. Vina kiongozi mwenye sauti. Mama wa miaka 55 mwenye goti bovu na sukari anakimbizwa kilomita kumi na vijana wa bodaboda, kisha Jumatatu anashindwa kushuka ngazi. Anayejua kumpimia mama huyo kazi yake, kumwanzisha kwa kutembea, kumjenga mapaja kabla ya kumkimbiza, ana mteja wa miaka kumi, na mteja huyo ana dada zake. Kwa maoni yangu hapa ndipo penye ajira nyingi kuliko mpira wote uliounganishwa, na vijana hawapaangalii kwa sababu hapana kamera.

Mtaniambia simu imeshaichukua kazi hiyo. Mazoezi yote yako YouTube, bure. Simu inaonyesha zoezi. Haimwoni anayelifanya. Haioni kwamba goti la mama limelala ndani anapochuchumaa, wala haimpigii Alhamisi kumuuliza mbona hakuja. Programu za simu zitazidi kuwa na akili, sikatai, na mwalimu ambaye kazi yake ni kuhesabu "moja, mbili, tatu" atakosa kazi. Alistahili kuikosa.

*

Nataka kukaa kidogo Paje, pwani ya mashariki ya Unguja, kwa sababu pale kuna ualimu wa michezo ambao wazazi wetu hawakuujua, na umeota kwenye maarifa yao.

Mwamba uko mbali, maji ndani yake ni ya kina kifupi, mchanga chini, upepo unatoka upande mmoja kwa miezi. Kusi huvuma kuanzia Juni hadi Septemba, kaskazi Desemba hadi Februari au Machi. Wazungu waliokuja na mabawa ya kitambaa na ubao miguuni waliona mara moja kwamba pwani hii iliumbwa kwa mchezo wao wa kitesurfing. Vijana wa kijiji walianza kwa kubeba vifaa na kukimbiza mabawa yaliyoanguka. Leo baadhi yao ni wakufunzi wenye vyeti vya kimataifa, wanafundisha kwa Kiingereza, Kiitaliano na Kijerumani cha pwani.

Mtazame mmoja akifundisha. Kabla ya kufungua bawa anaangalia maji, si upepo. Leo ni bamvua. Maji yatakupwa mbali sana, na baada ya saa mbili mgeni atakuwa anaanguka juu ya jiwe na mashamba ya mwani ya kina mama, badala ya maji. Anahesabu saa zake kinyumenyume. Anamfunga mgeni mkanda, anauvuta mara mbili, anamfanya mgeni mwenyewe avute kamba ya kujifungua kwenye hatari, tena, tena, mpaka mkono uijue bila macho. Ndipo bawa linapanda. Kujua maji kujaa na kupwa hakukupata kwenye kozi. Alikupata kwenye ngalawa ya babu yake. Kozi ilimfundisha kumpangia mgeni hatua, na kumwokoa. Vyote viwili ndivyo vinavyolipwa.

Masika yakifika, Aprili na Mei, upepo unakufa na wageni wanaondoka, na mapato yanakatika. Wenye akili huweka ya masika wakati wa kusi. Wengine huvua.

Upande wa kaskazini wa kisiwa hicho hicho, Nungwi, mradi wa Panje umefundisha wasichana kuogelea wakiwa wamevaa mavazi ya stara, na kuwaandaa baadhi yao wafundishe wenzao. Msichana wa kisiwani asiyejua kuogelea ni jambo tulilolizoea hadi tukaacha kulishangaa. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2021 watu wapatao 300,000 walikufa maji duniani, na sisi tuna bahari, tuna Ziwa Viktoria, tuna Tanganyika, tuna Nyasa. Mwalimu wa kuogelea mwanamke, mwenye cheti cha uokoaji, ambaye wazazi wa Kiislamu na wa Kikristo watamkabidhi binti zao bila wasiwasi, hatoshi popote kwenye pwani yetu. Akiwepo mmoja mtaani, ana orodha ya wanaosubiri.

Na kwa jumla wanawake wanahitajika zaidi ya wanavyoonekana. Serengeti Girls walifika robo fainali ya Kombe la Dunia la wasichana chini ya miaka 17, India, mwaka 2022, wakiwa na kocha mwanamume, Bakari Shime, aliyefanya kazi nzuri. Ila wasichana wanaojisajili ni wengi, na wazazi wameanza kuuliza nani atakuwa nao kambini usiku. Swali hilo ni halali. Kituo kisicho na jibu, kisicho na kanuni ya nani anaruhusiwa kumgusa mtoto, kumsafirisha au kumtumia ujumbe saa nne usiku, kitafungwa siku za usoni, na kifungwe.

*

AFCON ya 2027 inakuja Kenya, Uganda na Tanzania. Arusha inajengewa uwanja wa viti 30,000, Nairobi wa Talanta viti 60,000. Nimesikia vijana wakisema hapo ndipo ajira za michezo zitakapofunguka. Mashindano yatahitaji wapishi, walinzi, madereva na wakalimani kwa mwezi mmoja. Makocha yatakuja nao. Faida ya mwalimu wa michezo itakuja baada ya hapo, Jumatatu ile watoto watakapotaka kucheza kama waliowaona, na itampata aliye na uwanja wa kukodi kwa saa, kibali cha manispaa, na nafasi kwenye ratiba.

Jambo la mwisho ni mwili wa mwalimu mwenyewe. Jua la saa tisa, kuonyesha zoezi mara mia, kupiga kelele: kufikia miaka hamsini goti na koo vimechoka. Serikalini kuna pensheni. Aliyejiajiri ana mpango wa hiari wa NSSF, ambao wengi huukumbuka wakiwa na miaka arobaini na saba. Njia nyingine ni kupanda kutoka kufundisha wachezaji hadi kufundisha walimu. Kila kozi ya D inayokwenda mkoani inahitaji mkufunzi, na kadiri shule na vituo vinavyoongezeka ndivyo kozi zitakavyoongezeka. Mkufunzi hahitaji goti zima. Anahitaji kuwa na miaka ishirini ya vipindi alivyoviandika: siku ile nilifanya hivi na watoto wa umri huu, kikashindikana, nikapunguza mraba. Walimu wengi wazuri ninaowafahamu hawajaandika hata kimoja, na wanapoombwa kufundisha wenzao hujikuta wanasimulia mechi.

Madaftari ya kurasa 96 yanauzwa duka lolote la vifaa vya shule. Safu ya kwanza ni tarehe, ya pili majina na tarehe za kuzaliwa, ya tatu zoezi, ya nne kilichotokea. Safu ya pili ndiyo itakayotakiwa siku ya usajili, na ya tatu na ya nne ndizo zitakazotakiwa siku ya usaili wa ukufunzi.